Jina Kwenye Mlango wa Friza

Koti lile lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Mabega yake yalinishuka mpaka karibu na viwiko, na kola ilinuka jasho la marehemu baba mkwe, bia iliyomwagika miaka na miaka, na moshi wa soseji. Wanaume wanne walikuwa wamenikodolea macho kama vile paka wa nyumbani kapanda mezani na kuomba sigara. Mmoja wao alikuwa mume wangu. Mwingine alikuwa mwanangu.

“Haya, shemeji,” Lenny akasema, huku akijifuta povu la bia mdomoni. “Umelivaa, sasa sema. Ukilivaa bila kusema kitu, mzee Casimir atakutokea usiku akuvute miguu.”

Wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshikilia kingo za koti kwa mikono miwili.

Niseme kwanza koti lilikuwa na kazi gani, maana bila hilo hamtanielewa.

Kwetu hapa Ohio, mtu akikuuliza wewe ni wa kanisa gani, anauliza kwa adabu tu. Anachotaka kujua ni timu ya futiboli, ile ya Kimarekani ya kurusha mpira kwa mkono. Na timu yetu ilikuwa imefungwa kwa muda mrefu hata watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa, hawajaiona ikichukua kikombe. Kilichobaki kutupa matumaini ni ile Jumamosi moja ya Aprili, siku ya uteuzi, ambapo timu zote za nchi huchagua vijana wanaotoka vyuoni. Aliyefungwa sana ndiye huchagua mapema. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunachagua mapema kila mwaka, na kila mwaka tunachagua vibaya.

Mzee Casimir Sobczak, baba yake mume wangu, alikuwa fundi wa tanuru la chuma. Aliamini kwamba timu inakosea kwa sababu inapumbazwa na majina. Basi akaweka desturi yake mwenyewe katika banda la gari nyuma ya nyumba. Mwenye kutaka kumpendekeza kijana anavaa koti la mzee, anaeleza kila kitu kumhusu, urefu, mkono, miguu, tabia, maradhi, ila jina halitaji. Akimaliza, wenzake wanapiga kura. Anayemkubali ananyanyua chupa yake juu. Anayemkataa anaiweka chini. Ndipo jina linatajwa. Jina la aliyekubaliwa huandikwa kwenye kipande cha utepe wa gundi, nacho kikabandikwa kwenye mlango wa friza. Aliyekataliwa, kipande chake hutupwa pipani kikiwa kitupu.

Mzee alikufa, desturi ikabaki. Mume wangu Gene akarithi koti. Mdogo wake Lenny akarithi mdomo.

Siku ile jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ya juma zima, na mlango mkubwa wa banda ulikuwa wazi. Nilikuwa nikienda na kurudi kutoka jikoni na masinia ya pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi, za viazi na jibini, na kabichi iliyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kila nikiingia nakuta mabishano yamepanda ngazi nyingine.

Gene alikuwa upande wa ukuta. Alitaka timu ichague yale majitu ya mstari wa mbele, yanayomkinga kwotabeki, yule mrusha mpira na kiongozi wa mashambulizi, asiangushwe.

“Utamweka mfalme kwenye nyumba isiyo na milango?” alikuwa akisema. “Tumewachukua makwotabeki wangapi, Lenny? Wote wamelala chali wanahesabu mawingu! Jenga ukuta kwanza.”

“Ukuta, ukuta,” Lenny akamwiga kwa sauti ya puani. “Umeolewa na ukuta wewe. Nani atarusha mpira? Ukuta? Nani atawaambia hao nguruwe wako waende kushoto au kulia? Timu bila kwotabeki ni bendi bila mpiga ngoma.”

“Afadhali bila mpiga ngoma kuliko na mpiga ngoma aliyevunjika mikono.”

Kocha Purcell, msaidizi wa timu ya shule yetu ya sekondari, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatafuna, anawaachia ndugu wawili wararuane. Mwanangu Dalton alikuwa kwenye kiti cha kukunja karibu na ukuta, amevuta kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na miaka kumi na saba na ndiye kwotabeki wa shule. Vuli iliyokuwa inakuja ndiyo ingekuwa ya mwisho kwake pale shuleni, na mtu wa chuo kimoja alikuwa ameahidi kuja kumtazama.

Katika nyumba yetu hakuna aliyeongea kitu kingine. Hata padri alipokuja kubariki nyumba aliuliza habari za mkono wa Dalton.

Mimi nilikuwa naongea kitu kingine, lakini mimi nilikuwa na sifa. Watu walikuwa wanasema Marlene akiona wingu anafunga madirisha, akisikia kikohozi anaita gari la wagonjwa. Ni kweli. Nimekuwa mtu wa hofu tangu utoto. Niliacha shule baada ya darasa la nane, mama yangu alipolala kitandani asiamke tena, nikalea wadogo zangu. Mtu aliyelea watoto akiwa mtoto hujifunza kusikiliza pumzi za watu wakiwa wamelala. Na ubaya wa kuwa na sifa ya hofu ni huu: siku ukiona moto wa kweli, wanakwambia kaa chini, Marlene, unywe maji.

Niliuona moto Oktoba iliyotangulia Jumamosi ile. Tulikuwa tunacheza ugenini. Dalton alirusha mpira, na kabla hajajikunja akapigwa kutoka upande asioutazama, kichwa kikadunda kwenye nyasi mara mbili. Aliinuka upesi. Watu wakapiga makofi. Kisha akatembea taratibu, kwa hatua za mtu anayejua aendako, akaenda kusimama katikati ya duara la timu pinzani, akainama nao kusubiri maagizo. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata Gene alicheka. Mpaka leo kuna watu mjini wanalisimulia tukio hilo kama kichekesho.

Usiku huo alitapika ndani ya gari. Majira yote ya baridi alikula na kofia ya sweta kichwani, na kama taa ya jikoni imewashwa alishika uso kana kwamba kamwagiwa siki. Asubuhi moja nilimkuta amemimina juisi ya machungwa kwenye bakuli la nafaka, anaitazama tu. Akaniuliza bibi atakuja lini. Bibi yake, mama yake Gene, tulimzika kiangazi kilichotangulia, na yeye Dalton alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Nilimwambia Gene. “Ni umri, Marlene. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.” Nilikwenda kwa Kocha Purcell. Alinikaribisha vizuri, akaniambia kuna kipimo. Kila Agosti, kabla ya mechi kuanza, vijana wanakaa mbele ya kompyuta, wanaonyeshwa maneno na maumbo, wanatakiwa kuyakumbuka. Kijana akipigwa kichwani anapimwa tena, na majibu yanalinganishwa na yale ya Agosti. “Ya Dalton yako sawasawa, mama. Hayajashuka hata kidogo.” Nikarudi nyumbani. Mashine imesema, mimi ni nani?

Sasa, ile Jumamosi, nikaingia na sinia la pili wakati Lenny amevaa koti. Alikuwa amemaliza kumweleza kijana fulani: mkono kama manati, miguu myepesi, anawaongoza wenzake kama jemadari. Lakini kwa desturi ilibidi ataje na maradhi. Akayataja haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Mtikisiko wa ubongo. Mara kadhaa.

“Chini,” Gene akasema, akaweka chupa sakafuni kwa kishindo.

“Hujasikia jina!”

“Sihitaji jina. Namjua, ni Mabry. Hata angekuwa mtoto wa Papa, chini. Nimesoma habari zake. Mwanga unamuumiza macho. Anasahau mipango ya mchezo aliyoijua mwaka jana. Goti linashonwa, Lenny. Bega linashonwa. Kichwa utakishona na nini? Ukimchukua huyo unanunua gari lililozama mtoni, kisa limepakwa rangi vizuri.”

Kocha Purcell naye akaweka chupa chini. Dalton akaitazama chupa yake ya soda, akamtazama baba yake, akaweka chini.

“Maskini Mabry,” Lenny akasema, akivua koti. “Shida yake hakuwa na baba mdogo. Angekuja kwangu ningemfundisha kile kipimo kama nilivyomfundisha huyu.” Akamsukuma Dalton begani. “Agosti unajibu kizembe, kama mtu katoka usingizini. Ukigongwa baadaye, majibu yako ni yale yale. Nani atajua?”

Wakacheka. Gene akatikisa kichwa lakini na yeye alikuwa anacheka. Kocha Purcell akasema, “Hilo mimi sijalisikia,” akaziba masikio kwa mizaha, na wakacheka zaidi.

Niliweka sinia juu ya friza. Nakumbuka mvuke wa pierogi ukinipanda usoni. Nikasema, “Nipe hilo koti.”

Na hapo ndipo nilipoanzia.

“Ninaye kijana,” nikasema. “Ni kwotabeki. Ana mwili mrefu, mkono mzuri, mpira wake hautikisiki hewani. Anawapenda wenzake. Hajawahi kumjibu kocha vibaya.”

“Anasikika mzuri,” Lenny akasema. “Chuo gani?”

“Mwache aseme,” Gene akasema. “Ndiyo desturi.”

“Vuli iliyopita aligonga kichwa. Akaenda kusimama na timu nyingine asijue.” Nilisema upesi, kabla hawajapata muda wa kufikiri. “Anatapika. Taa zinamuumiza. Anawauliza watu habari za marehemu, kana kwamba wako hai. Anakunja ngumi mezani kwa sababu hakumbuki neno la kijiko. Na alidanganya kwenye kipimo. Sasa niambieni. Mnamchukua?”

Gene hakungoja hata nimalize kuvuta pumzi. Mume wangu alikuwa mwamuzi mzuri wa vijana, hilo sitamnyima. Aliinama akaweka chupa chini, polepole safari hii, kwa uzito, kama mtu anayefunga mlango.

“Huyo si wa kuchukuliwa,” akasema. “Huyo ni wa kupelekwa nyumbani. Anayemweka uwanjani mtoto wa namna hiyo anapaswa kushtakiwa.”

Alikata kipande cha gundi, kitupu, akakitupa kwenye pipa. Kikashika ukingoni, kikaning’inia.

“Ni Dalton,” nikasema.

Nimelikumbuka tukio lile mara nyingi mno. Naliona bado: kelele za runinga ya bandani, watu wa studio wakipiga porojo za uteuzi. Kocha Purcell aliangalia viatu vyake. Uso wa Gene uliisha damu. Nilimwona anaelewa. Nawaapia, nilimwona. Kwa muda wa pumzi moja au mbili nilikuwa na mume aliyejua ninachokijua, na mwanangu alikuwa ameokoka.

Kisha Dalton akasema, “Mama anatia chumvi.”

Alisema bila kunitazama. Shingo ilikuwa nyekundu kote. Alikuwa ametoka kumsikia baba yake akimtupa pipani mbele ya kocha wake, na hakuwa na mahali pengine pa kukimbilia.

“Sijambo, baba. Nilitapika kwa sababu ya baga za njiani. Na lile la bibi nilikuwa nina usingizi. Muulize kocha, kipimo si nilipita?”

Lenny ndiye aliyemtupia kamba ya kujiokolea. Alipiga paja. “Moshi! Jamani, shemeji katupiga moshi! Si ndivyo timu zinavyofanya kila Aprili? Unamvumishia kijana ubaya, wengine wamwache, halafu unamchukua wewe kwa bei ya bure. Marlene, wewe ungekuwa meneja wa timu, haki ya Mungu!”

Na wakacheka. Oo, walicheka kwa faraja, kama watu walioponea chupuchupu kwenye ajali. Gene alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka. Akaenda kwenye pipa, akakibandua kile kipande cha gundi, akachukua kalamu nene, akaandika DALTON kwa herufi kubwa. Akakibandika juu kabisa kwenye mlango wa friza, juu ya majina yote.

“Chaguo la kwanza,” akasema. “Chaguo la kwanza la nyumba hii.”

Chupa zote zikapanda. Mwanangu akavua kofia ya sweta, kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi, akatabasamu huku amekunja macho kwa sababu ya jua. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Mimi nilikuwa bado nimevaa koti.

Nilijaribu mengine. Nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikaambiwa baba na mtoto wote wanasema hakuna tatizo, na kipimo kipo. Nilificha viatu vyake vya mchezo, Lenny akamnunulia vingine. Agosti ikaja, Dalton akakaa mbele ya kompyuta, akajibu alichojibu. Sijui safari ile alijifanya mzembe au hakuhitaji tena kujifanya.

Septemba, katika mechi ya pili, aligongwa kidogo tu. Hata watu hawakuguna. Alitembea mwenyewe mpaka benchi, akaomba maji. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio kwa sababu siku hizo nilikuwa siketi. Nikaona kikombe cha karatasi kinamponyoka. Akakitazama kule chini. Akajaribu kuufungua mkono ule ule, ukakataa. Nilikuwa nimeshavuka uzio kabla hajaanguka. Madaktari walimfungua fuvu usiku ule kuondoa damu iliyovujia ubongoni.

Mama unayenisoma, sikuandika haya ili unionee huruma. Nimeandika kwa sababu najua Agosti inakuja na kwako pia, na najua wanaume wako ni watu wema kama wa kwangu. Gene hakuwa mkatili. Alimpenda mtoto yule kuliko macho yake. Ndiyo maana nakwambia: usingoje waone. Wanaona vizuri sana, ila wanaona wa mbali. Siku ya kile kipimo nenda mwenyewe, vuta kiti, keti nyuma ya mwanao, umtazame akijibu. Mwanao atakuchukia. Mwache akuchukie. Wakisema unatia chumvi, ongeza nyingine.

Yule Mabry hakuchaguliwa na timu yoyote. Zote zilisoma habari za kichwa chake, zikalinda fedha zao, zikamwacha arudi kwao Tennessee. Niliona picha yake gazetini muda si mrefu uliopita. Ana duka la matairi. Amenenepa. Amembeba binti mdogo mabegani, wote wawili wamegeuzia jua nyuso zao, macho wazi.

Aprili bado wanakuja. Kocha Purcell hakuja tena, alihama mji, lakini Lenny anakuja, amekuwa mtu wa maneno machache. Uteuzi siku hizi wameuhamishia jioni, na Gene amebadilisha taa zote za banda, ameweka hafifu. Friza ni ile ile. Kipande cha DALTON kimegeuka rangi ya chai, kingo zimejikunja, na hakuna mwenye ujasiri wa kukigusa. Mimi hukipita kila siku ninapochukua barafu ya kumwekea Dalton kichwani.

Mwaka huu pia Gene alimsaidia kuvaa koti. Linamkaa vizuri, ana mabega ya babu yake. Akasimama ameshika kiti.

“Ninaye kijana,” Dalton akasema. “Mkono wake kama… kama…”

“Manati,” baba yake akamsaidia, polepole.

“Manati. Na ana… anawaongoza wenzake.” Tukangoja. Sisi tumejifunza kungoja. “Ni hivyo tu.”

“Hana ugonjwa?” Lenny akauliza, maana ndiyo desturi. Alikuwa anaangalia sakafu.

Dalton akafikiri. “Hana.”

Gene alikuwa wa kwanza kunyanyua chupa. Aliishika juu muda mrefu.

“Jina lake?”

“Mabry,” mwanangu akasema, kama kila mwaka, na uso ukamng’aa. “Baba, unadhani watamchukua?”

Gene alikuwa amekwisha kukata kipande cha gundi. Akaandika taratibu, akakibandika chini ya kile kingine, akakikandamiza kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Wasipomchukua,” akasema, “watakuwa wajinga.”